Mweusi Aliyepima Nyama

Nikinusa rangi ya mafuta mbichi, popote pale nilipo, kinywa changu hujaa mate ya maini ya kuchoma. Najua ni kichekesho. Wenzangu wakiinusa hukumbuka shule au nyumba mpya. Mimi humkumbuka fundi wa mabango aliyekuja kwetu Kagongwa kuandika jina la dada yangu juu ya mlango wa bucha. Siku hiyo baba alitukatia maini bure, tukayachoma palepale karibu na ngazi ya fundi, na matone ya rangi nyekundu yakawa yanatuangukia vichwani. MINZA BUCHA. Dada mwenyewe hakuwepo kuliona bango lake. Alikuwa ameshaolewa Maganzo.

Baba hakuanzia kwenye bucha. Alianzia mnadani, akichinja mbuzi mmoja wiki hii na wiki ijayo akikosa hata wa kushika kamba. Nyama aliipanga mafungu juu ya turubai, na nzi ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Bwana afya alimfukuza mara nyingi hadi wakazoeana, wakawa wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za watoto, ndipo afukuzwe. Aliambiwa kwamba akitaka kuuza nyama kama watu wengine awe na chumba cha bati chenye ukuta mweupe, wavu dirishani, ndoano na mzani. Baba alivitamani vitu hivyo kama mtoto anavyotamani baiskeli. Hasa mzani. Alikuwa akisimama kwenye mabucha ya wenzake mjini Kahama anaangalia mshale unavyotetemeka, hanunui kitu.

Ndipo akaja mkwe. Alikuwa dalali wa almasi, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno machache, aliyepata jiwe la maana akaligeuza ng'ombe. Minza alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akisubiri matokeo. Yalipotoka, hakuna aliyekwenda kuyatazama.

Mahari iliingia kwetu na vumbi lake na vigelegele vyake. Sisi wadogo tulikaa juu ya uzio wa zizi tukiwapa ng'ombe majina. Alikuwepo Mwekundu na ndama wake, na lilikuwepo dume kubwa jeusi lenye baka jeupe begani, tukaliita Mweusi, maana akili zetu ziliishia hapo. Wajomba na baba wadogo walichukua wa kwao, kama ilivyo desturi. Waliobaki walikuwa wa baba. Baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kusema sana, alimwambia mdogo wake mbele yetu, "Hawa waache zizini kwanza. Binti bado mgeni kule. Lolote likitokea, utarudisha nini?"

Baba alicheka. Alisema baba mkubwa ni mtu wa zamani.

Mwekundu akawa mabati. Ndama wake akawa wavu na ndoano. Mweusi alitembezwa hadi mnadani asubuhi, na jioni baba akarudi na boksi, akalifungua sebuleni taratibu kama anayemvua mtoto nguo. Ulikuwa mzani wa kuning'inia wenye uso wa duara na kioo. Ulikuwa wa kijivu, lakini tuliuita Mweusi, na jina likashika. Baba akiweka nyama kwenye sahani aliuliza, "Mweusi anasemaje?" nasi tunasoma namba kwa sauti. Wateja wakaizoea. Hata mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa akiingia na kusema Mweusi wa leo asimdhulumu. Nawaambieni kweli, tulikuwa na furaha. Tulikula nyama siku za kazi, jambo ambalo mtaa mzima hakuna aliyeliweza. Hilo nalo ni sehemu ya uchungu wangu.

Minza alirudi mchana mmoja wa jua kali, mtoto mgongoni, amekuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Nilimkimbilia nikamwamkia, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuviringisha kwa kipande cha khanga. Mama alimkalisha jikoni, akakifungua kile kipande polepole, na mimi nikaona. Vidole viwili vilikuwa vimeelekea upande usio wao. Mumewe alikuwa ameupiga ule mkono kwa mchi wa kinu. Mama hakupiga kelele. Alibandika maji ya moto, akafungua redio kwa sauti kubwa, akalia humo ndani ya redio.

Wakwe hawakukawia. Alikuja mjomba wa mume, mzee mwenye kofia na adabu nyingi, pamoja na kijana wa kumsindikiza. "Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama kwa Kisukuma, kwa upole kabisa. Wakapewa viti, wakapewa maji. Kisha mzee akasema walichokijia.

"Sisi hatujaja kugombana. Mke arudi nyumbani kwake. Kama hataki, hatumfungi kamba. Tupeni ng'ombe wetu, tuondoke."

Baba alitazama chini. Mimi, mtoto niliyependa kusaidia, nikaona aibu wazee wanyimwe kitu ambacho tunacho. Nikasema, "Mweusi yupo! Njooni niwaonyeshe." Nikamshika mzee mkono nikamvuta hadi buchani, hatua chache tu kutoka uani, wengine wakifuata nyuma. Nikamwonyesha mzani. "Huyu hapa. Sasa hivi anapima nyama."

Mzee aliutazama mzani, akanitazama mimi, akaanza kucheka hadi akavua kofia ajifute macho. "Baba Minza, mtoto wako kasema kweli tupu. Basi mfungue tumswage!"

Wakacheka wote. Baba naye alicheka, na kicheko kile nimekichukia hadi leo. Mama hakucheka. Minza alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono umefungwa, anautazama ule mzani kama mtu anayeonyeshwa ndugu asiyemjua.

Walipoondoka, wakituachia siku chache za kufikiri, mama alimfuata baba buchani. "Uza," alimwambia. "Uza mzani, ng'oa mabati, uza. Nitarudi na wewe mnadani, tutapanga mafungu kama zamani. Mtoto asirudi kule."

"Na hawa watakula nini?" baba aliuliza, akatuonyesha sisi kwa kisu.

Mimi nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Niliacha kutafuna. Nilidhani kosa ni kula kwetu, na kwa siku mbili nilijitahidi nile kidogo ili dada abaki. Hakuna aliyegundua.

Asubuhi Minza aliporudishwa Maganzo, baba alikata nundu nzima, ile sehemu ambayo wateja walikuwa wakigombania, ili ampelekee mumewe. Akaitundika kwenye mzani, kwa mazoea tu, akauliza, "Mweusi anasemaje?" Tulikuwa wote pale. Hakuna aliyesoma namba. Baba akaifunga nyama ndani ya mfuko, akamkabidhi binti yake, naye akaipokea kwa mkono wa kushoto. Kisha akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilishangaa, maana mtu haagi kwa salamu. Tangu siku hiyo hadi mwaka huu, sikumsikia Minza akimwambia baba neno jingine lolote. Alikuja kwenye misiba akamwamkia, akakaa na wanawake, akala maharage. Vile vidole havikunyooka. Mumewe alimpiga hadi siku alipojichokea mwenyewe akaoa mwingine, na dada akabaki Maganzo anauza mboga kando ya barabara.

Bucha likanenepa. Wachimbaji wa dhahabu walipojaa Kahama tulifungua la pili huko, kisha la tatu. Kaka yangu Masanja ndiye anayeendesha sasa, na majokofu na msumeno wa umeme. Mimi nimesomeshwa na bucha hilo hadi chuo. Sina cha kulisingizia.

Mwaka huu Masanja aliamua kuandika upya bango la Kagongwa. Alitualika wote, akanunua soda, akamtoa baba nje na kumkalisha kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa linawaka. Fundi alikuwa juu ya ngazi, na harufu ya rangi imejaa, na kinywa changu kikaanza upuuzi wake. Ndipo Minza akatokea. Hatukutarajia angekuja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Masanja. "Mweusi yuko wapi?"

Masanja hakuelewa. Mimi ndiye niliyemkumbusha. Akacheka, akasema mzani ule hautumiki tangu walipoleta wa umeme, hata sahani yake imepotea. Minza hakuondoka. Ikabidi tuingie stoo, tuhamishe makreti ya soda na jokofu bovu, na nyuma kabisa tukaupata, kioo kimepasuka, umejaa utando wa buibui. Masanja alitaka kumbebea. Alikataa. Kiganja cha kulia hakikuweza kuushika, akaukumbatia kwa mikono yote miwili hadi nje, akauweka chini mbele ya miguu ya baba.

"Baba," alisema, "ndiye huyu?"

Baba aliutazama mzani, machozi yakimtoka. Mikono yake ilitafuta kitu ndani ya blanketi. Huko juu fundi aliuliza kama aandike jina lilelile.

Nilipokuwa mtoto niliamini jina la dada liko mlangoni kwa sababu baba alimpenda. Na alimpenda, niliyaona machozi yake pale kwenye kiti, na hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe. Alimpenda, akampima, na sisi tuliobaki tukamzidi uzito.