Shuka la Baba Mkwe

Bahasha za kutufuta kazi nilizinunua mimi mwenyewe, na nikaomba nipunguziwe bei.

Nilikuwa mnunuzi wa shirika moja la misaada hapa Garissa. Kwa miaka kumi na mmoja nilinunua maharagwe, maturubai na mitungi ya maji, na sikumbuki siku niliyolipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Asubuhi hiyo mkubwa wetu alinituma nilete bahasha nyeupe arobaini na moja na katoni mbili za biskuti. Biskuti za siagi, akasisitiza. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana mikutano yetu yote ilikuwa ya biskuti za glukosi, mbili kwa kila mtu, na mgawaji nilikuwa mimi. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye bahasha. Wafanyakazi tulikuwa arobaini na watatu. Nilihesabu tena njiani, safari hii nikianza na walinzi: arobaini na watatu. Kwa hiyo kama ni habari mbaya, wawili watapona, na mmoja wao, nilijiambia, lazima awe mnunuzi, kwa sababu hata anayekufa hununuliwa sanda.

Muuza bahasha alianza na kumi, nikamshusha hadi saba, kisha nikamwomba mbili za nyongeza. Akanipa.

Waliopona walikuwa mkubwa mwenyewe na mlinzi wa lango. Bahasha yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Barua ilisema kwamba uchumi umeyumba ng'ambo na wafadhili wamefunga mkono, ikanishukuru kwa uangalifu wangu katika matumizi ya fedha za ofisi. Nilikula biskuti sita. Bei yake niliijua.

Habari ya mtu kufutwa kazi hapa kwetu haisafiri. Unaikuta nyumbani inakungoja. Kufikia alasiri sebule ilikuwa imejaa kama tumefiwa. Wageni walikaa, wakasema Mwenyezi Mungu ndiye mtoaji riziki, wakanywa chai, wakatikisa vichwa, wakanywa tena. Nilikuja kugundua kwamba mshahara wangu ulikuwa na warithi wengi kuliko nilivyodhani. Huyu ulikuwa ukimlipia mwanawe karo, yule ulikuwa ukimnunulia mama yake dawa ya presha, na kila mmoja alikuja kuomboleza kipande chake. Nilitoka nje kuhesabu viatu mlangoni ili nijue sukari itafika wapi: jozi kumi na nane. Nikahesabu tena, zikawa kumi na tisa. Mmoja alikuwa ameniingilia katikati ya hesabu.

Mke wangu hakulia. Alisubiri jozi ya mwisho iondoke, akakusanya vikombe, akasema maneno mawili tu.

"Baba asijue."

Baba yake anachunga ng'ombe upande wa Masalani. Aliponipa binti yake aliwakataa wachungaji wawili waliokuwa na ng'ombe wengi kuliko ndoto zangu, akawaambia wazee kwamba mvua anaijua, haina adabu, na kwamba binti yake atamwoza mtu anayelipwa hata jua likiwaka. Niliolewa, naweza kusema, kwa ajili ya karatasi ya mshahara. Na mzee hakuwa mtu wa kutisha kwa mdomo. Dada mkubwa wa mke wangu aliolewa na mwenye duka pale Modogashe. Duka lilipofungwa, mzee alipanda lori, akamchukua binti, watoto, magodoro na hata sufuria, akamwambia yule bwana atawarudisha duka likifunguliwa. Huu ni mwaka wa sita. Siku hizi pale dukani wanaziba pancha.

Sisi tulikuwa na watoto wanne na sufuria nzuri.

Tukawaapisha wale kumi na tisa. Bahati ilikuwa upande wetu kidogo: mzee hana simu, anasema zinamla mtu sikio, na mjini huja anapokuwa na mnyama wa kuuza, na kila tunapokaribia Idi ya kuchinja, anaponiletea mbuzi. Tena hanipi bure. Ananiuzia.

Hapa inanibidi nieleze jambo la shuka. Katika soko letu la mifugo bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo, maana bei ikisikika kwa mmoja imesikika kwa wote. Watu wawili wanashikana mkono, shuka linafunika mikono, na vidole vinazungumza. Kidole kimoja ni kumi, mkono mzima ni hamsini, na kama ni mamia au maelfu kila mmoja anajua kwa kumwangalia mnyama. Baada ya makumi unabana ya rejareja, moja moja. Juu ya shuka nyuso zinaangalia mbali kama za watu wanaosubiri gari.

Mimi na baba mkwe tulilitumia shuka kwa sababu nyingine. Kumbishia mkwe bei ni aibu ambayo ingefika Masalani kabla yake. Lakini chini ya shuka hakuna mkwe. Kila mwaka tulisimama uani, juu tukiulizana habari za mvua kwa heshima kubwa, chini tukivunjana vidole. Na kwa kuwa mimi siamini kitu mpaka nikihesabu tena, kila bei niliibana mara mbili. Mzee alilicheka jambo hilo waziwazi. Aliwaambia wajukuu zake kwamba baba yao hufunga mlango, kisha hurudi kuujaribu.

Basi nikawa natoka nyumbani kila asubuhi kama zamani, suruali ya kitambaa, viatu vyangu vyeusi vya ngozi vya ofisini, vilivyopigwa rangi mpaka vinaona aibu. Majirani walijua, lakini jirani anayejua ukweli bado anataka kuona umeoga. Nilizunguka maofisi wiki tatu. Kila ofisi niliyoingia nilikuta watu wamekaa kwenye viti kama abiria wa mwisho, wakishikilia. Wiki ya nne nikaenda soko la mifugo kwa mtu niliyesoma naye. Aliacha shule darasa la sita, wakati huo nikamhurumia sana. Sasa ana malori mawili.

Alinitazama viatu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono ndani ya shuka lake, akanijaribu bei ya mbuzi, akaacha kucheka.

"Waryaa, wewe ulikuwa unafanya nini ofisini?" akasema. "Mkono huu ni wa mwizi."

Nikawa dalali. Nilijifunga kilemba mpaka puani na kuvaa miwani nyeusi, kwa ajili ya vumbi, niliwaambia watu, ingawa vumbi halikuwa na macho kama ya wale kumi na tisa. Kazi ya dalali ni kusimama kati ya mwenye mnyama na mwenye pesa, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, na kuhakikisha mikono hiyo miwili haikutani. Huyu akibana sitini na yule akibana sitini na moja, ile moja haina mwenyewe. Wanazuoni wanaibishania. Mimi nilikuwa nainunulia unga.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha Jumatano moja rafiki yangu akaniita: kuna dume la kahawia kutoka kusini, limenona, na mnunuzi wa Nairobi amebakiza nafasi ya ng'ombe mmoja kwenye lori na anatazama saa. Mwenye dume ni mzee mkali, yeye aligombana naye mwaka uliopita, kwa hiyo niende mimi. Mnunuzi alikuwa amenibana sitini na nne za kuanzia.

Nikalizunguka dume. Niliona kwanza bakora, kisha ndevu zenye hina, kisha mwenye ndevu.

Nikapiga hesabu haraka. Nikikimbia, dalali aliyemkimbia mzee mmoja hapewi mzee wa pili, na nyumbani unga ulikuwa wa siku mbili. Nikibaki, macho ya baba mkwe yana mtoto wa jicho, na mimi usoni ninaonekana pua tu. Tatizo lilikuwa sauti. Nikaamua kuwa na koo bovu. Nilikohoa, nikajigusa shingo, nikatikisa kichwa. Mzee akanipa pole, akaniagiza ninywe mafuta ya nundu ya ngamia yakiwa ya moto, kisha akafungua shuka lake. Nikaingiza mkono.

Alianza na themanini. Nikajiambia: mara moja tu, bana mara moja tu, leo usirudie. Nikambana sitini na mbili, mara moja, nikavizuia vidole kama mtu anayezuia mbwa. Akashuka sabini na nane. Nikapanda sitini na tano, mara moja. Akaja sabini na tano. Nikajibu sitini na saba, dume likatikisa kichwa na kunisukuma ubavuni, nikayumba, na vidole vyangu, vilivyoachwa bila mlinzi, vikabana sitini na saba tena.

Mkono wa mzee ukatulia.

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia malori. Baada ya muda akanibana sabini na nne. Halafu akaibana tena, polepole, kidole kwa kidole.

"Koo limepona?" akauliza.

"Limepona, adeer."

"Ofisi imefungwa?"

"Imefungwa."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Mnunuzi alikuwa akipiga mluzi upande wa pili wa dume, akitukumbusha kwamba lori lina safari. Mzee hakuuachia mkono wangu.

"Na binti yangu anakula nini?"

"Hii," nikasema, nikambana kidole.

Aliangalia malori tena, yote, moja baada ya lingine. Nilianza kuhesabu sufuria zetu kichwani. Zilikuwa saba, na mfuniko mmoja ulikuwa umepotea.

"Basi bana," akasema. "Nione kama inashibisha."

Nimenunua maharagwe ya watu elfu kumi, lakini sijawahi kufanya biashara kama ile. Kumpa bei ya heshima ilikuwa ni kumwambia kwamba sina kazi. Kumkamua ilikuwa ni kumkamua baba wa mke wangu. Aliivuta sabini na tatu kwa muda mrefu mpaka nikahisi kucha zake. Nilimwacha, nikaenda kwa mnunuzi, nikaingiza mkono kwenye shuka langu mwenyewe, nikamtoa sitini na nane, sabini, mwishowe sabini na moja, na yeye akaapa kwamba sitamwona tena Garissa. Nikarudi kwa mzee, nikambana sitini na tisa. Mara mbili. Hapakuwa tena na haja ya kujificha.

Alivuta pumzi, akakubali. Dume likapandishwa, mzee akahesabiwa chake, na mimi nikagawana elfu mbili na rafiki yangu. Mzee akasema ana njaa. Tukaenda nyumbani kwa tuktuk, yeye akiwa ameshika bakora katikati yetu.

Mke wangu alituona tukiingia pamoja, mimi nikiwa na kilemba na samadi magotini, akaelewa yote kabla ya salamu. Alipika wali na nyama, na sufuria moja aliiosha mara tatu. Mzee alikula bila haraka, akanawa, akamwita binti yake akae. Nilitazama mkeka.

"Nilimuuliza yule wa lori," akamwambia. "Alitoa sabini na moja. Mimi nimepewa sitini na tisa."

Mke wangu akanigeukia.

"Mumeo ameniibia elfu mbili. Mchana. Mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu."

"Kwa hiyo, aabo?" akauliza. Hajawahi kumwita baba yake kwa sauti ndogo kama ile.

"Kwa hiyo nini? Yule wa Modogashe angepiga magoti palepale na kunirudishia zote, halafu jioni mngelala njaa." Akasukuma kikombe mbele. "Ongeza sukari. Hii ni ya wageni."

Aliswali alasiri, akawashika watoto vichwa mmoja mmoja, akakataa kusindikizwa, akaenda kutafuta gari la kusini. Mimi nikabaki ndani nikisikiliza kama atarudi na lori.

Alipokuwa ameshafika mbali nilitoka mlangoni. Viatu vya watoto: jozi nne. Ndala za mama yao: moja. Nikahesabu tena, zikawa vilevile.

Kilichokosekana kilikuwa viatu vyangu vyeusi vya ngozi. Mahali pake mzee alikuwa ameacha vyake vya tairi, vikiwa vimepangwa vizuri, ncha zikiangalia nje. Viatu vile vya ofisini nilivinunua elfu mbili na mia sita, baada ya kumshusha muuzaji kutoka nne. Ukiondoa uchakavu wa miaka miwili, vilikuwa vimebakiza kama elfu mbili hivi. Nilijaribu kupata hesabu tofauti, sikupata.

Jumatano iliyofuata nilienda sokoni nikiwa na viatu vya tairi. Rafiki yangu aliviangalia, akasema sasa ndiyo nimeanza kufanana na mtu mwenye kazi.