Pembe kwa Mkono Uliovimba

Je, kama si mionzi? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kwapani mpaka vidoleni. Kule Kampala, nilipomaliza kuchomwa mionzi ya saratani ya titi, nilionywa kwamba hali hiyo inaweza kuja hata baada ya muda mrefu. Basi ni kawaida. Lakini kama ugonjwa umerudi, ungekuja kwa sura gani nyingine?

Mengine nimeyazoea. Ngozi ya kifua upande ule imebaki nyeusi na ngumu. Nikiinua bega, linavuta kama nguo iliyoshonwa ikabana. Navaa blauzi pana, nalala upande wa kulia, naanika nguo kwa mkono mmoja. Uvimbe ndio sikuuzoea. Nilikuwa naulinganisha mkono huu na mwenzake nikioga, nikila, hata nikiandika barua za kuomba kazi.

Mama mkubwa, dada yake mama, ninayeishi naye Bwera, aliona. Yeye ndiye aliyenifuata Kampala akanipikia na kunifulia muda wote wa mionzi, kwa hiyo neno lake kwangu ni zito. Hakuniuliza. Alimwita mwanamke wa pembe kutoka Kyondo, yule anayechanja ngozi kwa wembe, anabandika pembe la ng'ombe juu yake na kunyonya hewa mpaka damu itoke. Nusu ya mtaa wetu imetibiwa migongo na vichwa kwa njia hiyo.

"Leta mukono, mutoto wangu," mama mkubwa alisema. "Balikuchoma sana kule. Damu mubaya inakosa njia."

"Nesi wa Kampala alikataza mkono huu usikatwe, mama. Hata sindano. Kidonda kidogo tu kinaweza kuuozesha."

"Aa! Moto ya mashine haukuogopa, unaogopa kawembe?"

Mwanamke wa pembe akacheka. "Basomi beko hivyo. Banaogopa damu yao wenyewe."

Nami nikacheka, nikakaa kwenye mkeka, nikakunja mkono wa blauzi. Akapangusa ngozi yangu kwa kitambaa chenye maji ya moto. Nilijua nesi alisema kweli, hata hivyo sikuondoka. Kwa nini? Nilijiuliza huku wembe ukitolewa kwenye karatasi yake, na jibu likanitisha kuliko wembe: pembe haliwezi kuniambia kwamba saratani imerudi. Hospitali inaweza.

Nikauvuta mkono.

"Hapana, mama. Mnisamehe. Naenda Kasese, leo hii."

Mama mkubwa akamwomba radhi mgeni wake, akamfungia ndizi za kwenda nazo, kisha akanigeukia. "Unaniaibisha mbele ya batu," alisema, akiwa tayari anajifunga kitenge kizuri. "Twende. Nesi ya huko aniambie mimi."

Hospitalini tuliingizwa kwenye chumba kidogo, nesi akauliza shida ni nini. Mama mkubwa akaanza kueleza habari za damu. Nikamgusa goti anyamaze, nikavua blauzi.

"Mkono umevimba," nikasema. "Nataka kujua kama saratani imerudi."