Irisaga ya Mto

Mimi ndiye niliyewafanya watu wa ng'ambo mbili wapande matete siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa kwetu Nyanungu kila mtu sasa ana simulizi yake ya namna ukingo ulivyopona, na katika nyingi ya hizo mimi nimewekwa pembeni nikigawa uji. Uji niligawa, ni kweli. Lakini mto ulikuwa wangu, na mashahidi ninao.

Shamba la mama liko pale mto wetu mdogo unapopinda, kabla haujateremka kwenda kumwaga maji yake katika Mto Mara. Baba alipokuwa hai, kati ya wimbi, yaani ulezi, na maji kulikuwa na migomba, halafu njia ya miguu, halafu matete marefu ambayo ndama akipotelea humo unamsikia tu, humwoni. Niliporudi nyumbani matete yalikuwa yamekwisha, njia haipo, na masika yaliyopita yalikuwa yameondoka na migomba yote. Ng'ombe wa pande zote mbili walishuka kunywa popote walipotaka, na watu walikuwa wamelima hadi kwenye mdomo wa maji. Nilisimama ukingoni nikaona ufa umepita katikati ya wimbi la mama. Niliingiza mkono, ukazama hadi begani. Masika mengine kama yale yangepeleka nusu ya shamba Ziwa Victoria, na mama hana shamba lingine.

"Na sihami," alisema kabla sijafungua mdomo.

Sikuwa na nia ya kumhamisha. Nilikuwa na nia ya kuuzuia mto, na sikuona sababu ya kushindwa, kwa sababu sijazoea kushindwa. Niliondoka kijijini na ndoo ya plastiki yenye nguo zangu ndani. Mwanza nilikaanga maandazi, nikapaa samaki, nikabeba zege kwenye majengo ya watu, nikajilipia ada mwenyewe mpaka nikatoka na diploma ya usimamizi wa rasilimali za maji. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Picha yangu ya mahafali inaning'inia sebuleni kwa mama, kubwa kuliko picha ya harusi ya kaka yangu. Ukubwa niliuchagua mimi.

Kisha nikapata kazi katika asasi moja ndogo ya Mugumu, inayofanya kazi na vikundi vya vijiji vya Tarime na Serengeti kutunza ardhi, chemchemi na kingo za mito. Vyumba viwili, pikipiki moja, na mratibu, mwanaume wa Susuni aliyekulia karibu na mpaka wa Kenya, ambaye Kiswahili chake kimevuka Sirari mara nyingi kuliko yeye. Nilianzia kwenye vikundi vya upande wa bwawa la Manchira. Niliona kijito kilichokuwa kikiingia bwawani kama chai ya maziwa kikianza kupitisha mwanga hadi kwenye kokoto. Nilipoziona kokoto zile nilishindwa kukaa. Nilimwambia mratibu anihamishie nyumbani, kabla ya masika, si baada.

Kazi yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa kuita mkutano. Nilitangaza kwa kipaza sauti kanisani na gulioni kwamba kutakuwa na mkutano wa uhifadhi wa mto, shambani kwa mama. Walikuja wengi, nikafurahi, mpaka nilipowatazama miguuni. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Wanaume walikuwa na mashati yaliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, wanawake na vitenge vya Jumapili. Jembe hata moja halikuonekana.

Jirani yetu, mwanaume wa makamo ambaye uzio wake unagusana na wa mama, aliinua mkono kwa adabu. "Madam, soda zinakuja kabla au baada?"

Sikumlaumu. Miradi mingi imepita hapa, na neno uhifadhi limeshajenga maana yake: viti, soda na posho. Niliwaonyesha ufa. Walisikitika sana. Walichagua kamati, na kamati ikachagua mwenyekiti, na mwenyekiti akashukuru, wakaondoka bila kuchafua kiatu. Tete moja halikupandwa.

Siku chache baadaye nilikuwa napita njiani asubuhi nikasikia kelele na vicheko kutoka shamba la mtu. Ilikuwa irisaga. Kwetu, mwenye shamba lenye kazi nyingi hupita nyumba kwa nyumba kuwaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wanalima mistari kwa mashindano na kutaniana, naye anawalisha. Siku wao wakiita, hana ruhusa ya kukosa. Humo hakuna posho wala soda. Na nani alikuwa mbele ya wote, kifua wazi, akirusha udongo na kumtukana kwa upendo aliyekuwa nyuma yake? Yule jirani wa soda.

Nilisimama pale njiani nikiwatazama. Wazo lile lilikuwa langu. Halikutoka Mugumu, wala halikuja na mfadhili. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

"Mama, naita irisaga ya mto."

Alikuwa anapepeta wimbi, hakuinua macho. "Irisaga huitwa na mwenye shamba. Mto ni wa nani?"

"Wa wote."

"Basi hakuna atakayekuja. Cha wote anakipikia nani?"

"Basi ni wangu."

Ungo ulisimama. "Wako?"

"Wangu. Kuanzia jiwe la kufulia hadi pale unapopinda. Naita mimi, napika mimi."

"Mwanangu, ukilisema hilo mlangoni kwa mtu huwezi kulirudisha. Kila atakayekuja atakuita, na utakwenda. Ofisi au si ofisi."

"Nitakwenda."

Aliniangalia mikono. Ilikuwa imepakwa mafuta mazuri, siku zile.

"Mikono hii imebeba zege, mama."

"Zamani," akasema, akaendelea kupepeta.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo diploma yangu ililijua na kijiji hakikulizingatia. Mto ukiuzuia upande mmoja tu, unageuka na kula upande wa pili, na ng'ombe wa upande huo wanahamia kwako. Ilibidi ng'ambo nao waje. Na ng'ambo ni ukoo mwingine. Babu zetu na babu zao waliibiana ng'ombe mpaka ng'ombe wenyewe wakachanganyikiwa, na hakuna aliyewahi kuvusha wito wa irisaga juu ya maji yale. Sheria inayokataza kulima karibu na mto ipo, ilishaandikwa kwenye bango la bati. Bango hilo sasa ni mlango wa banda la kuku, nimeliona.

Baada ya kupita nyumba zote za upande wetu nikiita, nilifunga kitenge juu ya magoti, nikavuka kwa mawe hadi nyumbani kwa mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule. Alikuwa amekaa zizini akiwatazama wanawe wakifunga ndama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa semina."

"Ndiye mimi. Ila leo sina semina. Nimekuja kukuita irisaga."

Mmoja wa wanawe aliacha kamba, akamgeukia ndugu yake. "Mura, umesikia? Ng'ambo wanatuita tukawalimie."

"Ya shamba gani?" mzee akauliza.

"Ya mto wangu."

Mzee alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani. "Kumbe. Na ng'ombe wangu wamekuwa wakinywa maji yako tangu lini?"

"Tangu wazaliwe, mzee. Na sijawahi kulalamika."

Hapo alicheka mwenyewe, na wanawe wakapata ruhusa ya kucheka. Lakini alipomaliza, uso ulirudi kwenye jambo lake. "Ukijaza matete kote, watanywa wapi?"

Nilichukua kijiti nikamchorea chini. Njia moja pana kila upande, iliyotandikwa mawe, mkabala, ili kundi zima lishuke na kupanda bila kubomoa kitu. Kwingine kote matete. Kijiti kile nilikishika kama chaki. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Mzee alikichukua, akaipanua ile njia kidogo, akakirudisha.

"Na mimi nikikuita, utakuja?"

"Nitakuja."

"Na jembe, au na kamera?"

"Na jembe."

"Shamba langu la mihogo liko mlimani. Lina mawe."

"Nimesikia, mzee."

"Nenda," akasema. "Tutaona."

Hakusema atakuja. Nilirudi nikiwa na neno tutaona peke yake, na kwa neno hilo nilimchinja beberu wangu mwenyewe. Wanawake wa upande wetu walipika makande kwenye masufuria ya harusi na uji wa wimbi uliochachuka vizuri. Pombe haikuwepo, mama ni mlokole. Mratibu alipiga simu.

"Madam, hiyo irisaga kwa ripoti nitaieleza aje?"

"Eleza kwamba mwenye mto ameita."

"Mwenye mto ni nani?"

"Unaongea naye."

Asubuhi ya irisaga watu wetu walifika jua halijatoka, wakiwa na majembe, miguu mitupu, na yule jirani wa soda mbele yao. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nilipita na uji, nikijifanya sitazami. Mama alitazama waziwazi. Tulianza. Mstari wa kwanza wa matete ulikuwa umefika nusu, na upande wa pili bado ni udongo mtupu.

Kisha vumbi likaonekana kwenye mteremko wao. Ng'ombe walitangulia. Mzee alikuwa amelileta kundi zima, moja kwa moja hadi mahali pa njia niliyoichora, kupima kama njia yangu inawatosha. Waliingia majini wakasimama bega kwa bega, wakatosha. Nyuma yao wakatokea wanaume na majembe, na wanawake wenye mafungu ya matete vichwani.

Mzee aliniita kutoka ng'ambo. "Mwenye mto, ng'ombe wangu wanaomba ruhusa ya kunywa."

"Wanywe, mzee."

Kicheko kilipita juu ya maji pande zote mbili, na kuanzia hapo jina hilo halijanitoka.

Sijawahi kuona kazi inayokimbia vile. Kila upande ulitaka kufika kwenye mpindo kwanza.

"Nyie wa huko, matete mnayapanda au mnayazika?"

"Mura, tazama mstari wenu. Umepinda kama mkia wa mbwa."

"Mashemeji, msameheni huyo," alisema mwanamke mmoja wa ng'ambo, akimwonyesha jirani wetu. "Anasubiri soda."

Habari za soda zilikuwa zimevuka kabla yetu. Jirani alipanda matete kwa hasira mpaka jasho likamfumba macho. Mimi, kama mwenye shamba, sikushika jembe. Nilipita nikipima nafasi, nikionyesha vigingi vya mkuyu vigongewe wapi, nikichokoza waliochelewa. Mawe ya njia ya ng'ombe yalipita mkono kwa mkono, na yalipofika katikati ya maji mikono ya pande mbili ikawa inapokezana bila mtu kuuliza ni ya nani. Mratibu alifika na pikipiki, viatu vyeupe, na bango la asasi la kupigia picha. Mama alimpokea bango, akalitandika chini ya sufuria za makande, akampa jembe.

"Si mngeniambia nivae gambuti," alinung'unika, lakini alishuka.

Ng'ambo walifika kwenye mpindo kwanza. Upande wao ni mfupi, na nililisema hilo wazi. Walikula kwetu, wote, na mama ndiye aliyempakulia mzee.

Masika yaliingia kwa nguvu. Mto uligeuka rangi, ukapanda, ukayalaza matete, na matete yakainuka. Kona moja ya chini, ambako udongo ulikuwa bado mlegevu, ilichukuliwa na maji pamoja na jembe ambalo mtu alilisahau. Kwingine kote ukingo ulikaa. Kila kulipokucha mama alikwenda kuutazama ufa, na kila siku alirudi bila kusema kitu, mpaka nikaanza kukasirika. Asubuhi moja nilimfuata. Nilimkuta ameinama kati ya wimbi na matete, ana machipukizi ya migomba kwenye kikapu, anachimba mashimo palepale ilipokuwa migomba ya baba.

"Usikanyage hapo," aliniambia.

Ni hilo tu aliloniambia. Nilirudi ndani nikaitazama picha yangu ya mahafali kwa muda mrefu, nikaiona ni ndogo.

Mvua zilipopungua, mmoja wa wana wa mzee alisimama uani kwetu asubuhi. "Mwenye mto, baba anaita irisaga. Mihogo. Kesho."

Kesho hiyo nilikuwa na wageni wa ofisi, watu wa kutoka mbali waliotaka kuelezwa habari za mto. Nilimpigia mratibu.

"Madam, nitawaambia aje?"

"Waambie nimeitwa."

Tulivuka mimi na mama, majembe begani, kwa njia ya mawe. Shamba lilikuwa na mawe kama mzee alivyoahidi. Alikuwa amekaa juu ya mojawapo, sufuria ya uji pembeni, akifurahia kila hatua niliyopanda.

"Mwenye mto, mstari wako ni ule."

Nililima. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikaendelea. Sikuwa wa kwanza kumaliza, lakini wanawake wote niliwatangulia isipokuwa mama, na mama hahesabiki. Mwisho wa mstari niliinua mgongo nikatazama chini. Kule bondeni mto ulikuwa na ukanda wa kijani kila upande, na kundi la ng'ombe lilikuwa linashuka kwa njia moja, taratibu, kama watu wanaoingia kanisani. Jirani wa soda, naye ameitwa, alikuwa kwenye mstari wa pembeni yangu, bado yuko katikati.

"Unauona ule?" nikamwambia. "Wangu."

"Lima," akasema.