Tayari Yupo

Kikundi cha wakulima wa kahawa Igamba kiliniita kutoka Tunduma, ninakofanya kazi za kompyuta, kwa sababu ya wajanja. Miche ikigawiwa, mtu anachukua asubuhi, mchana anarudi amebadilisha kofia. Walitaka kila mkulima apate mgawo mmoja tu. Mimi ni binti wa hapohapo, nikawaandikia programu.

Ndani yake niliweka kitu tunachokiita seti. Seti haipokei kitu kilekile mara mbili. Ukiipa namba, inaipigia hesabu ya haraka na kupata chumba cha kuiweka. Namba hiyo ikija tena, hesabu inatoa chumba kilekile, seti inachungulia humo tu na kukujibu: tayari yupo. Vyumba vingine haivisumbui. Naipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu, maana haina maneno mengi.

Kamati iliamua kila mkulima atambuliwe kwa namba ya simu.

Siku ya kugawa, mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa na shamba dogo alilorithi kwa mama yake, na tangu nikiwa shule alitaka humo kahawa yake mwenyewe, iuzwe kwa jina lake, si la baba. Akanitajia namba, nikaibonyeza.

Tayari yupo.

"Nani yupo?" mama akauliza.

Baba akaanza kukohoa. Yeye hana simu. Asubuhi alijiandikisha kwa namba ya mama.

"Baba watoto! Simu nimenunua mimi, vocha naweka mimi, halafu mimi ndiye sipo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema basi, mama asubiri msimu ujao. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia hautoki mche hata mmoja mpaka nimalize, nikaketi juu ya kreti tupu na kompyuta mapajani. Nikabadilisha: kila mtu atambuliwe kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa, ambayo watu wawili hawawezi kuwa nayo. Waliokwisha kuchukua wakaandikwa upya, baba akiwa wa kwanza, mpole kama mtoto wa ubatizo.

Nikaingiza namba ya mama. Ikapokelewa. Kwa udadisi nikachungulia vyumba, nikakuta hesabu imemweka chumba kimoja na baba. Hutokea: namba mbili tofauti zinaangukia chumba kimoja, na seti inazitunza zote, kila moja kivyake. Nilipomweleza, mama alicheka hadi akajishika kiuno.

"Chumba kimoja hatujakataa, mwanangu, tumeshazoea. Ila tuhesabiwe wawili."

Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyolipwa.

Baba, ili mambo yaishe, alijitwika kreti la miche ya mama na kushika njia ya kwenye shamba lake mwenyewe.

"Siyo huko," mama akamwita. "Kwangu ni huku."

Baba akasimama kidogo, kisha akageuka na mzigo wake, akamfuata.