Kadi ya Mihuri Mitatu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyewapa wengine miguu ya kwenda na wengine subira ya kukaa, kisha akawafanya wahitajiane. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyesimama jeneza lilipopita. Baada ya hayo, naeleza safari yangu ya baiskeli kutoka Palma hadi Mocímboa kama ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Nina mpwa, binti wa marehemu dada yangu. Miguu yake ilikauka kwa homa angali mtoto mdogo. Alisomea Kurani nyumbani, akahifadhi sehemu kubwa, na tuliporudi Palma baada ya miaka ya kukimbia vita nikamweka chuoni kwangu afundishe wasichana. Kaka yake alimpeleka kila asubuhi kwa baiskeli. Kisha kaka yake akapata kazi kambini, kwenye mradi wa gesi, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mpwa wangu akabaki ndani. Wasichana walikuja wiki mbili, tatu, wakaukuta mkeka wake mtupu, wakaacha mmoja mmoja. Nilijaribu kuwafundisha mimi. Waliniogopa, na mimi sina sauti yake.

Ndipo likatoka tangazo, msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, kwamba kutakuwa na msafara wa baiskeli wa hisani. Kila mwendeshaji angepewa kadi yenye jina la mtu mmoja asiyeweza kutembea. Kadi ikitimia, wafadhili wa mbali wangetoa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, kwa ajili ya mtu huyo. Kutimia maana yake mihuri minne: Palma, Olumbi, njia panda ya Mocímboa, na wa mwisho katika uwanja wa shule mjini Mocímboa kabla ya saa kumi alasiri. Njia yote iendwe kwa pedali. Kadi isiyotimia, jina lake hurudi mwisho wa orodha, na hakuna aliyejua orodha ingeitwa tena lini.

Nikaomba kadi ya mpwa wangu. Nina miaka sitini na minane, lakini baiskeli naijua. Kwa miaka mingi nimebeba mihogo na chumvi kwa baiskeli hiyohiyo.

Jioni ya kuamkia safari nilimpelekea kadi aione. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Mjomba," akasema, "mimi siogopi miguu yako. Naogopa mdomo wako. Wewe ukiona watu wawili wamesimama njiani, lazima ushuke uwasalimie, uwaulize habari za watoto, za shamba, za mbuzi."

"Kesho nitasalimia nikiwa juu ya baiskeli."

"Na wakikukaribisha chai?"

"Nitaitikia kwa mkono."

"Haya. Nimekusikia, na Mungu amekusikia."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mbele lilikwenda gari la askari, nyuma gari la msafara lenye maji na dawa, na ndani yake muuguzi wa hospitali aliyekuwa msimamizi wa siku ile. Wengi wa waendeshaji walikuwa vijana wa mradi, wenye baiskeli nyepesi na suruali za kubana. Tulikuwa na walimu wa shule, mafundi, na mkulima mmoja kutoka nyanda za juu, Mkristo, aliyekuwa amening'iniza rozari kwenye usukani. Kila mmoja alipewa kapaseti, kofia ngumu ya kukinga kichwa.

"Shehe, vua kofia yako, kapaseti haikai juu yake," kijana mmoja akaniambia.

"Basi kapaseti ndiyo ivuliwe."

"Bila kapaseti huondoki."

Tukapatana: nikaivaa juu ya kofia, ikakaa upande kama chungu juu ya mafiga mawili. Wakacheka, nami nikacheka. Muhuri wa kwanza ukagongwa.

Hadi Olumbi sina la kueleza. Barabara ilikuwa kavu na upepo ulitoka mgongoni. Vijana walinipita mapema, nami sikuwafuata. Nilikwenda kwa kuvuta istighfari, pedali moja neno moja, na kwa mwendo huo magoti hayakulalamika. Olumbi nilifika saa tatu na kitu. Muhuri wa pili. Nikanywa maji, nikala ndizi, nikaondoka bila kumsalimia mtu yeyote isipokuwa kwa kuinua mkono. Nilihesabu saa zilizobaki, nikaona kwamba nitafika adhuhuri au baada yake kidogo. Nilimshukuru Mungu, na nadhani nilijishukuru na mimi kidogo.

Mbele ya Olumbi kuna kijiji cha watu waliorudi karibuni, nyumba mpya za miti na udongo, baadhi bado zina maturubai. Hapo nikaliona jeneza linatoka, limefunikwa kanga mbili, likishika barabara ile niliyokuwa nikiijia.

Kwetu, mtu akikutana na jeneza hushuka. Mwenye gari husimama. Mwenye baiskeli huiegemeza penye mti, akaenda nalo hatua chache, akatia bega kwa zamu yake, kisha akarudi kwenye safari yake. Haichukui muda. Nilishuka, na sikuona kwamba nimevunja ahadi yangu kwa mpwa wangu, kwa kuwa maiti si mtu wa kusalimiwa. Nikatia bega. Mti wa jeneza ukagonga kapaseti, ambayo nilikuwa nimeisahau kichwani.

"Shehe," akasema mtu wa nyuma yangu kwa sauti ya chini, "unaogopa kuanguka pamoja na maiti?"

Nikaivua kwa mkono mmoja, nikampa mtu aishike. Nilipomaliza zamu yangu na kutaka kupokewa, yule aliyenitania akanishika mkono. Alikuwa mtu mzima, mtoto wa marehemu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe ni shehe kweli, au ni kofia tu?"

"Nafundisha chuo Palma."

"Basi Mungu amekuleta. Anayetusalia maiti zetu hapa ni mmoja tu, ndiye huyu tuliyembeba."

Wakanieleza tukiwa tunakwenda. Wazee wao waliosoma walibaki Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu walikokimbilia vita, wengine walifia huko. Mwalimu wa jirani alikuwa amekwenda Mbau kwenye harusi na angerudi jioni. Marehemu alikuwa ameoshwa kwa kukumbuka mambo aliyokuwa akiwaelekeza walipoosha maiti wengine: huyu akakumbuka hili, yule lile. Sanda ilikuwa sawa. Sala ndiyo iliyowashinda. Mmoja alijua takbira, mwingine alijua dua nusu, na hakuna aliyethubutu kusimama mbele ya mwalimu wake.

Kusalia maiti ni faradhi ya kutoshelezana: akiifanya mmoja, wengine wameokoka. Lakini asipokuwapo mjuzi ila wewe, inakuangukia wewe. Hilo nimewafundisha watoto miaka arobaini. Nilikuwa sijawahi kulipata likinisubiri kando ya barabara huku kadi ya mtu mwingine imo mfukoni mwangu.

Gari la mwisho likafika, likasimama. Muuguzi akatoa kichwa dirishani.

"Baba, umeumia?"

"Sikuumia. Nimeombwa nimsalie huyu."

"Itachukua muda gani?"

Nikamwuliza mtoto wa marehemu. Akasema kaburi limefika kiunoni, udongo umekuwa mgumu.

"Baba, gari la mwisho ndilo hili. Tukipita sisi, nyuma yako hakuna mtu."

"Najua, binti yangu."

"Na saa kumi ni saa kumi. Sikuiweka mimi." Akatazama jeneza, akajifunga mtandio vizuri, akanipa chupa mbili za maji. "Mungu akuwezeshe."

Gari likaondoka.

Tukalingoja kaburi. Vijana walichimba kwa kupokezana, na kila mara jembe lilipogonga jiwe nilitazama jua, kisha nikajilazimisha kutazama chini. Mpwa wangu alinijia machoni, ameketi mlangoni, anawauliza wapita njia kama wamesikia habari za msafara. Kaburi likafika kimo. Nikawapanga safu tatu, nikasimama penye kichwa cha marehemu, nikatoa takbira nne na dua kati yake. Tukamlaza mwanandani, tukamfukia. Wakaniomba talakini. Nikaketi kichwani pa kaburi, nikamsomea, nikimkumbusha majibu ya atakayoulizwa: Mola wako ni nani, Mtume wako ni nani.

Nilipoinuka, jua lilikuwa limeshapinduka zamani. Mtoto wa marehemu akaleta pikipiki, na mtu wa kushika baiskeli yangu nyuma.

"Twende, shehe. Nitakushusha kabla ya njia panda, pale penye mikorosho. Utaingia unapiga pedali mwenyewe. Nani atajua?"

Sitasema kwamba sikufikiri. Nilifikiri muda mrefu kiasi cha yeye kuzima injini. Lakini ulimi wangu ulikuwa haujakauka kutoka kwenye talakini, na kadi ile ilikuwa na sharti lililoandikwa. Nikamwambia, "Baba yako nimemwambia ajibu kweli." Aliniletea kapaseti yangu, akaifuta vumbi.

Nikasali adhuhuri, nikapanda baiskeli. Upepo ulikuwa umegeuka. Kuna milima midogo mitatu hivi ambayo mwenye gari haijui. Mimi naijua sasa. Njia panda nilimkuta mgonga muhuri anakunja meza yake. Aliifungua tena, akagonga muhuri wa tatu.

"Kimbia, shehe."

"Saa ngapi?"

"Usiulize. Kimbia."

Nilifika uwanja wa shule watu wanashusha vitambaa vya mapambo. Muuguzi alikuwa ameketi kwenye ngazi na daftari magotini. Alinitazama, akaitazama saa yake, akaandika. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba anihurumie. Alinipa wali na samaki waliokuwa wamefunikwa kwa ajili yangu. Yule mkulima wa nyanda za juu akaja kuketi karibu nami hadi nikamaliza kula. Kadi yake ilikuwa imetimia. Alikuwa amemwendeshea jirani yake Mwislamu.

Kesho yake nilirudi Palma kwa chapa, basi dogo la abiria, baiskeli ikiwa juu ya paa. Mpwa wangu alikuwa mlangoni. Nikampa kadi kabla ya salamu. Akaihesabu mihuri kwa kidole.

"Ni nani aliyekukaribisha chai?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, uso umeinama. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. Kisha akauliza kama mwalimu anavyomwuliza mwanafunzi:

"Takbira nne?"

"Nne."

"Dua ya maiti hukuikatiza kwa haraka ya njia?"

"Sikuikatiza."

"Basi." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini mkeka wangu bado mtupu, mjomba. Kesho nani atanipeleka?"

Jibu lilikuwa moja tu, na nilishangaa kwamba nilikwenda hadi Mocímboa kabla ya kuliona. Baiskeli ilikuwa palepale ukutani.

Tangu siku ile nampeleka mimi. Nimefunga mto wa pamba kwenye karia, kibebeo cha nyuma. Huketi upande, ananishika kiunoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine anashika mwavuli, na njia nzima ananilaumu kwa mashimo. Wasichana wamerudi, si wote. Alhamisi na Ijumaa chuo hufungwa, na magoti yangu hupumzika. Jina lake limo mwisho wa orodha, nami nimeandikisha langu kwa msafara mwingine, ukipatikana. Kadi ile ameiweka ndani ya juzuu yake kuwa alama ya pale alipofika.

Wewe uliyesoma, Mwenyezi Mungu akufikishe uendako kwa wakati, na akikuchelewesha, akucheleweshe kwenye heri. Asikunyime wa kukubeba ukiwa hai, wala wa kukusalia siku yako. Amina.