Keki ya Bi Haverkate

Wifi yangu Wietske haamini hata mizani ya nyumbani kwake. Anasema ng'ombe hupimwa kwa haki kuliko watu. Basi siku aliyokwenda hospitali kuhojiwa ili ijulikane kama anastahili upasuaji wa kupunguza tumbo, shaka ilimjaa mpaka kooni. Madaktari walikataa kumtengeneza goti kabla uzito haujapungua, na bila goti asingeweza tena kukamua ng'ombe wake. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshakubali. Lilibaki neno la mwanasaikolojia, Bi Haverkate.

Mimi nilimsindikiza. Tulipoingia ofisini kwake, mezani kulikuwa na keki kubwa ya krimu. Hata mimi niliitazama kwa jicho la pembeni.

"Karibuni, chukueni kipande," alisema Bi Haverkate.

Wietske alinikanyaga mguu chini ya meza. "Mimi? Ahsante, keki sili. Hata utotoni sikuipenda."

Nilibana kicheko. Makopo yake ya keki nayajua yanakofichwa, nyuma ya ndoo za maziwa.

"Na ukiwa peke yako unakula nini?"

"Saladi tu."

Bi Haverkate akaanza kuandika. Wietske akaomba kwenda msalani, akanivuta hadi kwenye korido.

"Umeuona mtego, wifi? Wanatutegea krimu kama panya. Ningeonja tu, ningekwisha."

Mimi nilikuwa natazama mlango tuliotokea. Ulikuwa umetundikwa mapambo ya karatasi.

"Mtego gani, wee? Leo ni siku yake ya kuzaliwa. Kaleta keki kazini kama kila mtu afanyavyo siku yake, na sisi hata hongera hatukumpa."

Kwetu hata jirani mliyegombana naye hupewa mkono siku hiyo, pamoja na jamaa zake wote. Masikio yalimwiva Wietske kwa haya.

Tuliporudi alimpa Bi Haverkate mkono, akampongeza, kisha akabaki amesimama.

"Nimekudanganya. Keki nakula. Nakula zizini, nimejificha, maana watu hunitazama mdomoni."

"Nilijua. Nilikuwa naandika hapana, na si kwa ajili ya keki. Anayenificha chakula leo, baada ya upasuaji atanificha maumivu, na hapo anaweza kufa."

"Na sasa?"

"Sasa kaa. Tuanze upya."

Ndiyo ya Bi Haverkate ilikuja baadaye. Siku ile Wietske alikaa, akavuta sahani, akala kipande chake taratibu mbele yetu, machozi yakimtoka. Tangu aolewe na kaka yangu, sikuwahi kumwona akila kitu kitamu mezani.