Wagonjwa Wasioshikwa Mkono

Mzee Zablon alitoka Suna hadi Homa Bay kumwona mkewe aliyelazwa hospitalini. Karani wa mapokezi aliandika jina la mama huyo kwenye kompyuta, akatazama, akatikisa kichwa: hakuna mgonjwa wa jina hilo. Mzee akaamini anafichwa habari ya kifo. Akageuka akaenda zake. Wakati huo mkewe alikuwa kitandani karibu na mlango wa wodi, anakunywa uji.

Programu ya kompyuta ile iliyotunza orodha ya wagonjwa iliandikwa na Nyamoita, msichana wa Kegonga aliyesomea kompyuta Nairobi, akaajiriwa pale mwaka wa tisini na nne.

"Mashine yako imefukuza mtu," Matroni Benta, mkuu wa wauguzi, alimwambia. "Tafuta mahali imekosea."

Akatafuta. Aliichapisha programu nzima akaisoma mstari kwa mstari, ilionekana sawa. Akaiamuru isimame kila hatua na kumwonyesha ilichokuwa nacho tumboni. Ikammiminia tarakimu mpaka macho yakauma. Stima ikapotea, akaanza upya. Ikapotea tena. Alitamani kuipiga teke.

Mwishowe aliachana na tarakimu. Aliandika kipande kidogo cha kuifanya programu ijichore yenyewe ikiwa kazini: kila mgonjwa kisanduku, na mshale kwenda kwa anayemfuata wodini, kama watu walioshikana mikono. Kisha akahamisha mgonjwa mmoja wodi nyingine, huku akitazama. Mgonjwa yule aliachia mkono wa aliye nyuma yake kabla aliye mbele hajaushika. Wote wa nyuma wakabaki wakielea kwenye skrini bila mshale wowote wa kuwafikia, mke wa Zablon akiwa kati yao.

Kumbe ni mistari miwili tu ya programu, wa pili ukiwa umewekwa mbele ya wa kwanza. Nyamoita aliitazama kwa hasira. Hata furaha haikuja.

Alipomaliza kurekebisha, Zablon alikuwa amerudi, maana mkewe alimtumia mtu. Nyamoita akamweleza, akamwonyesha hata visanduku.

"Msichana wangu," mzee alisema bila kuviangalia, "mimi niliita ndugu, wakaja wakalia. Sasa niwaambie nini, mishale?"

Matroni Benta aliifunika kompyuta kwa kitambaa, akaagiza majina yaandikwe kwa chaki mlangoni mpaka atakaposema vingine.